Kitone Juu ya Tano

Simu yangu ya zamani ilikuwa na kitone juu ya tano,
kidogo, kama punje ya mtama iliyosahaulika kwenye ungo.
Kidole kikifika hapo kilijua kimefika nyumbani:
juu mbili, chini nane,
na zahanati ya Spring Bank ikapokea,
hata kama mwanamke wa mapokezi alikuwa na mafua na haraka zake.

Siku hizi hapokei mtu.
"Pakua programu," walisema, na binti wa zamu akaongeza,
"Rahisi sana, mama. Unabonyeza tu ile ya bluu."

Ile ya bluu.

Kioo ni laini kama kipara cha askofu.
Nakipapasa, sauti iliyomo ndani inanisomea:
Kitufe.
Nasogea.
Kitufe.
Picha. Kitufe. Kitufe. Picha.
Ni kama nyumba iliyojaa watu gizani:
nauliza, "Nani?"
na kila mmoja anajibu, "Mimi."

Kisha ikataka kujua kama mimi ni roboti.
Nithibitishe ubinadamu kwa kuchagua
picha zenye taa za barabarani.
Mimi, Nabintu M'Cirhuza,
niliyezaa wawili nikazika mmoja,
niliyevuka mipaka mitatu na sufuria moja,
nikafeli mtihani wa kuwa mtu.
Dakika tatu, ikanifungia nje.

Basi majibu ya kipimo nilisomewa na Connor,
mtoto wa jirani, miaka kumi na moja,
vidole vikinuka chipsi na ile pilipili nyekundu ya Hull.
Alisoma kwa sauti ya darasani:
jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa,
titi la kushoto,
hapo akasita.
"Kuna neno silijui," akasema.
Nikamwambia aache. Mimi nilikuwa nalijua.
Aliniachia nusu ya chipsi zake
na tangu siku hiyo hunisalimia polepole,
kama mtu anayepita karibu na matanga.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.
Hawakusema lolote juu ya mwenye maradhi
aliyenyimwa hata nafasi ya kuyaficha.

Walituita kwenye kikao, ghorofa ya tatu.
Lifti ilikuwa mbovu,
kwa hiyo Bwana Aldous na kiti chake cha magurudumu
alihudhuria mkutano wa kufikiwa na wote
akiwa chini, mlangoni, kwa simu.
Maureen, kiziwi, akasema jambo kwa mikono;
mkalimani alicheka kwanza, akatafsiri baadaye:
"Video yenu ya maelekezo, mnamwelekeza nani?"

Kijana aliyeitengeneza programu aliitwa Rhodri.
Nikampa simu yangu. Nikamwambia, "Funga macho. Omba miadi."
Kitufe, ikamwambia. Kitufe. Picha.
Wenzake wakacheka,
kisha hawakucheka.
Saa ya ukutani ilikuwa inasikika.
Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni,
"Ile ya bluu iko wapi?"

Wiki sita.
Kitufe: Majibu yangu.
Kitufe: Muulize muuguzi.
Kitufe: Rudi nyuma.
Kimoja, chini kabisa, bado kinajiita Kitufe tu.
Nimewaandikia. Nitawaandikia tena.

Majibu ya pili yalikuja Alhamisi,
mvua ya mto Humber ikipiga dirisha kwa ubavu.
Nilifunga mlango kwa komeo.
Nikazima redio.
Nikasikiliza mara moja, halafu tena,
polepole, mimi na sauti ile, hakuna wa tatu.

Nilipotoka, Connor alikuwa ameketi kwenye ngazi.
"Wamesemaje?"
Nikampapasa kichwa, nikampa pauni ya chipsi.

Hata wewe unayesoma,
sikuambii.